Magnolia au gardenia? Krimu mbili zinazofanana dukani na kukosana ukutani

"Dada, hizo zote ni krimu tu," aliniambia kijana wa duka la rangi pale Moshi mjini, na kwa mahali alipokuwa amesimama hakuwa amekosea. Nilikuwa nimeshika vipande viwili vya kadi chini ya taa ya duka, magnolia mkono wa kushoto na gardenia mkono wa kulia, na kama angenifumba macho akavibadilisha nisingejua kipi ni kipi. Nikachukua magnolia kwa sababu jina lake nimelizoea tangu utotoni. Mdogo wangu wa kike, ambaye wakati huo alikuwa anamalizia nyumba yake Moshono, Arusha, akachukua gardenia kwa sababu, kwa maneno yake, magnolia iko kila nyumba ya kupanga.

Leo ukinywa chai ya asubuhi kwangu Rau, ukapanda Coaster ukaenda kula chakula cha mchana kwake, utasema mmoja wetu alipaka pichi na mwingine alipaka samli.

Namwandikia mtu aliyefika pale nilipofika mimi. Ameshaamua kwamba hataki nyeupe pe, maana ana watoto, hataki kijivu cha kwenye picha za simu, maana Julai yetu ina kijivu cha kutosha, anataka krimu. Amebaki na mbili mkononi, fundi amekalia ndoo tupu anasubiri hela ya rangi, na kila anayeulizwa anajibu "zote nzuri". Ni nzuri kweli, kila moja na nyumba yake.

Tofauti yenyewe iko wapi

Rangi hizi mbili zina namba kwenye orodha ya Waingereza ya rangi za majengo, BS 4800, na ukibahatika kupata kadi yenye namba hizo zisome, kwani zinasema mengi kuliko jina. Magnolia ni 08 B 15. Gardenia ni 10 B 15.

Tarakimu mbili za mwanzo zinataja ukoo wa rangi. 04 ni wekundu, 08 ni manjano iliyochanganyika na wekundu, 10 ni manjano yenyewe, na ukifika 12 umeshaanza kuingia kwenye kijani. Herufi ya katikati inataja ukijivu: A ina kijivu kingi, E haina. Tarakimu za mwisho zinataja uzito, yaani jicho linaiona rangi ni nyepesi au nzito kiasi gani.

Sasa ziweke pamoja uzitazame tena. B na B. 15 na 15. Ukijivu uleule, uzito uleule. Kilichobaki kuzitenganisha ni ukoo tu, 08 na 10, na ndiyo maana kwenye kipande cha kadi cha ukubwa wa kidole gumba huoni kitu. Moja inaelekea pinki kwa mbali, nyingine inaelekea limau kwa mbali. Huo "mbali" ukiutandaza kwenye kuta nne zinazotazamana, kila ukuta unaurushia mwenzake mwanga uliokwisha kupita kwenye rangi, na kilichokuwa dokezo kinakuwa kauli. Krimu yoyote ukutani huonekana imekolea kuliko kwenye kadi. Hilo jikumbushe kila unapojiambia "hii si imefifia sana?"

Wekundu wa magnolia mara nyingi hutokana na oksidi ya chuma, kwa lugha ya nyumbani kutu, ambayo mashine ya kuchanganyia inaidondosha kidogo kwenye rangi nyeupe pamoja na manjano. Oksidi hiyohiyo ndiyo inayoufanya udongo wetu uwe mwekundu. Kwa hiyo magnolia ina undugu wa damu na vumbi la barabara ya mtaani kwetu, na nimeuona undugu huo ukinifaa: Januari na Februari, vumbi likishajaa juu ya swichi na pembeni mwa milango, ukuta wangu unaonekana umechoka, lakini wa mdogo wangu unaonekana mchafu.

Magnolia, Rau

Sebule yangu ina dirisha kubwa la mashariki linalotazama migomba, na mlango wa magharibi unaofungukia baraza la saruji nyekundu, lile la kizamani linalosuguliwa hadi linang'aa. Sikuyafikiria haya wakati nanunua rangi. Nani anafikiria migomba akiwa dukani?

Saa tatu asubuhi mwanga unaoingia umeshachujwa na majani ya migomba, kwa hiyo una ukijani. Kijani na pinki huuana. Magnolia yangu wakati huo haina pinki hata chembe. Ni rangi ya ganda la yai la kuku wa kienyeji, imetulia, na ndio wakati ninaoipenda. Saa sita inakuwa krimu ya kawaida ambayo hata mgeni haioni. Halafu saa kumi jioni jua linashuka chini ya paa la baraza, linagonga ile saruji nyekundu na kuruka juu, na ukuta wa ndani unaotazama mlango unaona haya. Naomba uelewe, sisemi unakuwa "wenye joto" kama wanavyosema wauzaji. Unakuwa pinki. Siku ya kwanza nilipouona nilimwita fundi nikiamini amechanganya kitu. Akaja, akasimama mlangoni na msasa mkononi, akautazama ukuta, akaitazama sakafu ya baraza, akasema, "Mama, rangi ni ileile. Jua ndilo limehama."

Usiku ulikuwa na kisa chake. Balbu zangu nilinunua kwa Mangi wa hapa jirani, zile za LED zenye mwanga mweupe mkali. Boksi lake limeandikwa 6500K. Namba hiyo ikiwa kubwa mwanga unaelekea bluu, ikiwa ndogo unaelekea manjano. Balbu za kizamani za waya zilikuwa karibu 2700K. Magnolia chini ya 6500K inatoa pinki baridi, rangi ya ile dawa ya kalamine tuliyopakwa tukiugua tetekuwanga. Mume wangu hakuwa ameona lolote mpaka nilipomtajia kalamine. Baada ya hapo hakuweza kuacha kuiona, na tukabadilisha balbu tukaweka za 3000K. Sasa usiku kuta zina rangi ya unga wa chapati uliokandwa na siagi, na sina malalamiko.

Gardenia, Moshono

Kwa mdogo wangu hakuna mgomba wala mti wowote wa kutaja. Kiwanja bado cheupe, nje kuna pevingi za saruji, ndani kuna marumaru za kijivu, na madirisha ni ya alumini yenye vioo vya bluu, vile vinavyomzuia mpita njia kuchungulia mchana. Gardenia ilipopigwa mkono wa pili, madirisha yakiwa yamefunguliwa ili rangi ikauke, ilikuwa nzuri mno. Rangi ya maziwa ya asubuhi, yenye utandu juu. Nilimwonea wivu, nakiri.

Kisha akafunga madirisha.

Kioo cha bluu kinapitisha mwanga wa bluu, na bluu ikikutana na manjano unajua inazaa nini. Haikuwa kijani ambacho ungemwita jirani aje kukishuhudia. Ilikuwa kama ndani ya ganda la limau, wepesi fulani wa ukijani unaomfanya aliyekaa kwenye kochi aonekane anaumwa. Kinachochekesha ni kwamba akitelezesha dirisha nusu, mstari wa ukuta unaopata mwanga wa wazi unarudi kuwa maziwa, na pembeni yake mstari wa mwanga wa kioo unabaki limau. Rangi mbili kwenye ukuta mmoja, na mpaka wake unatembea na dirisha.

Usiku yeye aliweka taa za manjano tangu mwanzo, zile ndogo za kuzamisha kwenye dari ya jipsamu. Gardenia tayari ni ya ukoo wa manjano. Ukiiongezea taa ya manjano hakuna kitu cha kuizuia. Mama alipofika kwa mara ya kwanza, saa mbili usiku, amechoka na safari, alikaa, akazungusha macho, akauliza kwa upole kabisa kama kuta zimepakwa samli. Mdogo wangu hajasahau. Baadaye aliweka balbu za 4000K, katikati ya nyeupe na manjano, na mambo yakakaa sawa kwa kiasi kikubwa. Mchana bado anaishi na vioo vyake.

Ukizilinganisha nyumba hizi mbili utaona kwamba kila mmoja wetu alichukua rangi iliyomfaa mwenzake, angalau nusu. Gardenia ingestahimili saruji yangu nyekundu: wekundu ukipanda kwenye manjano safi unaishia krimu iliyokolea, haufiki pinki. Na magnolia ingestahimili vioo vya bluu, kwani ule wekundu wake mdogo ungeuzuia ukijani usijitokeze. Ungebaki ubaridi kidogo, lakini ubaridi mchana wa Arusha mwezi wa kwanza si jambo la kulilia.

Usisome dira ya Waingereza

Ukitafuta ushauri wa rangi mtandaoni utakutana na sheria inayorudiwa kama sala: chumba kinachotazama kaskazini ni baridi, kipe rangi yenye wekundu, kinachotazama kusini kina jua, kipe rangi baridi. Ni kweli, kwa London. Sisi tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko kaskazini kwetu, upande wa Mlima, na miezi iliyobaki liko kusini. Kila upande una zamu yake.

Tena jua letu la mchana liko juu mno, na mapaa yetu yametokeza mbali nje ya kuta. Saa sita haliingii dirishani moja kwa moja. Kinachoingia ni mwanga uliokwisha kugonga kitu hapo nje kwanza. Kwa hiyo swali la maana kuliko "dirisha linatazama wapi" ni "chini ya dirisha kuna nini". Nyasi na migomba vitakuletea kijani. Udongo wetu mtupu, au tofali za kuchoma za jirani, vitakuletea wekundu. Pevingi na kokoto nyeupe hazileti rangi yoyote, zinaleta mwangaza tu. Mashariki na magharibi ndiko jua linakoingia lenyewe, asubuhi na jioni, na jioni lake lina manjano yake tayari.

Halafu kuna Juni hadi Agosti. Mlima unajifunika, wingu linakaa siku nzima, Arusha watu wanavaa makoti hadi sokoni, na mwanga wote unaoingia ndani ni wa kijivu kinachoelekea bluu. Wakati huo gardenia inafifia na kukaribia nyeupe ya kawaida, lakini magnolia bado inakupa chembe ya uhai. Kama nyumba yako iko juu, kule unakotafuta sweta kuanzia saa kumi na moja jioni, miezi hiyo mitatu ipime kwa uzito wake. Mimi ningeacha itoe uamuzi kwa vyumba vya kulala.

Vitu ambavyo hutabadilisha

Rangi ni kitu cha bei nafuu kuliko vyote vinavyoizunguka. Na kati ya hizi mbili bei haitakusaidia kuchagua, zote huchanganywa kwenye msingi mweupe kwa rangi kidogo tu. Kwa hiyo anza na kile ambacho hutakivunja.

Sakafu nyekundu: gardenia, nimeshaeleza kwa machozi yangu. Marumaru za krimu zenye mishipa ya kahawia, ambazo ndizo zimejaa kwenye nyumba zetu, zinapatana na zote mbili, ila angalia mishipa: ikiwa na wekundu, magnolia itaonekana imetolewa humo humo. Marumaru za kijivu ni ngumu. Zinaisukuma magnolia ionekane kama ngozi ya mtu, hasa usiku, na gardenia inaonekana safi zaidi juu yake. Lakini kama kijivu chako ni kile baridi cha saruji, nakushauri urudi dukani uache hizi zote mbili, utafute nyeupe iliyovunjwa kwa kijivu. Sijui kwa nini watu wanajilazimisha krimu juu ya sakafu isiyoitaka.

Milango ya mninga ni habari njema popote. Mbao yake ina dhahabu na wekundu kwa pamoja. Kwenye magnolia mlango na ukuta vinakuwa familia moja, chumba kinatulia; kwenye gardenia mlango unajitokeza mbele. Ukiwa umegharamia milango yako, yenye nakshi na kila kitu, gardenia itaionyesha. Mkangazi, ambao ni mwekundu zaidi, nisingeuweka na magnolia kwenye chumba kidogo.

Fremu zilizopakwa nyeupe ya mafuta zina hila yake, na hii hakuna aliyenionya. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda, na hugeuka haraka zaidi mahali penye giza, nyuma ya pazia na ndani ya korido. Pembeni mwa gardenia ule umanjano haujulikani, kwani ukuta wenyewe ni wa ukoo huo. Pembeni mwa magnolia unaonekana kama moshi wa sigara. Ukienda na magnolia, fremu ziwe za mbao wazi au zipakwe rangi nyeupe ya maji ya kung'aa.

Dari ya jipsamu nyeupe pe inazibana zote, maana krimu chini ya nyeupe kali haina pa kujificha. Hapo magnolia inaonekana imekusudiwa, gardenia inaonekana ilikuwa nyeupe ikazeeka. Ni maoni yangu, mdogo wangu anayakataa.

Mati au silki

Nitapita haraka. Mati, rangi isiyong'aa, inaficha mabonde ya ukuta. Silki, yenye mng'ao, inayaonyesha yote, hasa kwenye ukuta unaopata mwanga wa ubavu kutoka dirishani, lakini inafutika kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kwa mtu mwenye watoto na mijusi, silki kwenye korido na sehemu ya kulia chakula, mati sebuleni na vyumbani. Silki inaakisi, kwa hiyo inazidisha tabia ya rangi: pinki ya magnolia saa kumi jioni ni mbaya zaidi kwenye silki. Hapo tu ndipo suala hili linapogusa uchaguzi wako.

Jinsi ya kuzijaribu bila kujidanganya

Umewahi kumwona fundi cherehani anayejua kazi akitafuta uzi wa kitenge chako? Hauchagui pale mezani. Anabeba kitambaa na vijiti viwili vya uzi hadi mlangoni, anavilaza juu ya kitambaa kwenye mwanga wa nje, anarudi navyo ndani, anatazama tena. Kwa rangi ya ukuta tunafanya kinyume: tunachagua chini ya taa ya duka, mbali na nyumba, kisha tunapaka mita za mraba arobaini.

Nunua lita moja ya kila moja, au kopo dogo kabisa walilo nalo. Usipake moja kwa moja juu ya rangi ya zamani, maana jicho hupima rangi kwa jirani yake, na ukuta wako wa bluu wa zamani utaifanya krimu yoyote ionekane ya chungwa. Chukua vipande viwili vya ubao mwembamba au maboksi magumu, upana wa mkono mzima, vipige nyeupe kwanza, kisha mikono miwili ya rangi, na pembeni uache ukingo mweupe wa vidole vitatu. Viache hadi kesho yake. Rangi ya maji ikiwa mbichi ina umaziwa unaoondoka inapokauka, kwa hiyo mara nyingi hukauka imekolea kidogo kuliko ulivyoiona kwenye brashi.

Kisha vihamishe. Ukuta unaotazama dirisha, kona ya giza, nyuma ya kochi. Saa tatu, saa sita, saa kumi, na saa mbili usiku na balbu zako mwenyewe. Viegemeze vimesimama, usivilaze mezani, ukuta haulali. Na usivitazame kwa muda mrefu: jicho likishakaa dakika chache linazoea na kukuambia kila kitu ni krimu, kama yule kijana wa duka. Toka nje, zunguka nyumba, ingia ghafla. Sekunde ile ya kwanza ndiyo ya kuaminika.

Ukitaka kujua ipi ni ipi, bandika karatasi nyeupe ya A4 katikati yake. Hapo hata bibi yangu, ambaye alisema tumepaka "nyeupe mbili", aliinua kidole akaonyesha: hii ina haya, hii ina nyongo.

Ndoo ya pili

Ukishachagua, kuna mahali pamoja ambapo kazi yote hii inaweza kuharibika ndani ya dakika ishirini, na kwangu iliharibika.

Piga hesabu kabla. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kuta za mita 2.8 ina mita za mraba 50 na ushee. Toa mlango na madirisha mawili, inabaki kama 44. Mikono miwili ni 88. Lita moja ya rangi nzuri ya maji, juu ya ukuta uliopigwa jipsamu, msasa na praima, inafunika mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja. Basi unahitaji lita 9 hadi 11, na ndoo ya lita 20 inatosha sebule hiyo na chumba kingine kidogo. Ukuta usio na praima utakunywa zaidi ya hapo.

Mimi sikupiga hesabu. Ndoo iliisha katikati ya ukuta wa mwisho, jioni, duka tulilonunulia limeshafungwa. Fundi akarudi na galoni ya magnolia kutoka duka jingine, kampuni nyingine. Jina lilelile. Ikiwa mbichi ilikuwa sawa kabisa, tukapongezana. Kesho yake saa tatu ukuta wa mwisho ulikuwa na umanjano ambao kuta tatu hazikuwa nao, na ukutani kwenyewe, pale fundi alipoanzia na galoni mpya, kulikuwa na mstari wima ambao ungeweza kutundikia nguo.

Jina magnolia si mali ya mtu mmoja. Kila kampuni ina magnolia yake, na nyingine zinakaribia gardenia kuliko zinavyokaribiana zenyewe kwa zenyewe. Hata ndani ya kampuni moja, ndoo zilizochanganywa siku tofauti zinaweza kupishana kidogo. Nunua zote pamoja, soma namba ya toleo kwenye mfuniko, na kama zinatofautiana zimwage kwenye pipa moja zikorogwe pamoja kabla ya kuanza. Ukilazimika kufungua ndoo mpya katikati ya kazi, ifungue konani. Kuta mbili zinazokutana kwenye kona hazipati mwanga mmoja hata siku moja, kwa hiyo tofauti ndogo inajificha pale. Kwenye ukuta bapa haijifichi.

Kama ungeniuliza leo

Ningekuuliza kwanza nje ya dirisha lako kuna nini na kioo chake ni cha rangi gani. Kijani nje, au kioo cha bluu au cha kijani: magnolia. Wekundu nje au chini ya miguu, au kioo cha rangi ya shaba: gardenia. Kama nyumba haina lolote kati ya hayo, balbu zikiwa nyeupe kali na huna mpango wa kuzibadilisha, chukua gardenia. Zikiwa za manjano, chukua magnolia. Korido isiyo na dirisha, gardenia bila kufikiri, na taa yake iwe ya 4000K. Chumba cha kulala cha Arusha, magnolia.

Kwangu tulipopaka upya mwaka jana sebule ilibaki magnolia, pamoja na haya zake za saa kumi, kwa sababu ya zile asubuhi za migomba. Ukuta unaotazama baraza tu ndio niliopiga gardenia, kona hadi kona. Hakuna mgeni aliyewahi kugundua, na saa kumi jioni kuta zote nne zinafanana. Mdogo wangu ameweka magnolia vyumbani, sebule ameiacha. Anasema atasubiri mti wa parachichi alioupanda mbele ya dirisha ukue. Nimemwambia parachichi ni kijani juu ya bluu. Amesema tutaona.

Kilichobaki kwenye ndoo nimekitia kwenye chupa mbili za kioo zilizojaa hadi mdomoni, zisiingie hewa. Namba nimeziandika kwa kalamu nzito kwenye kipande cha boksi na kukibandika ndani ya mlango wa kabati la LUKU: 08 B 15 sebuleni, 10 B 15 ukuta wa baraza na korido, jina la kampuni, tarehe ya kununua.